Hayel Abu Shahin, Aliyeirudisha Kadi

Marehemu Hayel Asad Abu Shahin, ambaye tumekusanyika leo kumsindikiza, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1946 hapa hapa Ain Loza, chini ya mlima Hermoni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bwana Asad na Bi. Zahiya. Wakati huo Golan ilikuwa Syria, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja jambo hilo lingehitaji kusemwa. Mdogo wake, Fadil, alizaliwa miaka miwili baadaye. Mama yao alizoea kusema kwamba Hayel alimchosha miguu na Fadil alimchosha masikio, maana mmoja hakutulia na mwingine hakunyamaza.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha akaendelea Quneitra hadi mwaka 1962, baba yao alipofariki. Hapo aliacha masomo akashika shamba la matufaha ili Fadil asome. Fadil alisoma kweli, na mwaka 1966 alikwenda Damascus kujifunza uhandisi. Juni iliyofuata vita vikapiganwa, jeshi la Israel likauchukua mlima, waya wa mpaka ukapitishwa bondeni, na ndugu hao wawili hawakukumbatiana tena.

Mwaka 1969 marehemu alinunua lori kuukuu akawa anawapelekea wakulima matufaha yao sokoni. Alikuwa dereva wa makini na mwimbaji mbaya sana. Tarehe 20 Agosti 1971 alimwoa Siham, binti wa Salman Abu Zaid. Kwa kuwa Fadil hakuweza kuja harusini, harusi ilipelekwa kwake. Msafara mzima ulipanda kilimani, pale ambapo watu wa pande mbili husemezana kwa vipaza sauti kuvuka bonde. Fadil, akiwa ng'ambo, alilalamika kwamba anaona kitu cheupe tu. Je, bibi harusi ni mzuri? Siham alimpokonya bwana harusi kipaza sauti akajibu, "Mzuri kuliko kaka yako, shemeji." Watu wa pande zote mbili walicheka, na wapo wanaoapa kwamba hata askari walicheka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Wajdi na Rima.

Sasa tufike mwaka 1982, kwa sababu marehemu alituagiza tusiuruke. Sheria ya Israel ilikuwa imetangazwa juu ya Golan, na sote tukatakiwa kuchukua kadi zao za uraia. Wazee wa dini walikutana wakatoa neno: atakayeipokea kadi hasalimiwi, haozeshwi, hatembelewi msibani, na akifa haombewi rehema. Kwetu sisi watu wa dini ya Kidruzi, "Mungu amrehemu" si maneno ya kupitisha mdomoni tu. Maiti akinyimwa maneno hayo, watu wa dini hugeuka wakaondoka, na familia humfukia peke yake.

Kijiji kiligoma. Jeshi lilifunga barabara, unga ukaanza kuadimika. Leseni ya udereva ya marehemu ilikuwa imekwisha muda wake, na bila kadi isingehuishwa. Basi alishuka mjini kimya kimya, akaichukua kadi, akapakia lori magunia ya unga, akarudi akiimba. Aliamini kabisa kwamba anakuja kuwaokoa watu wake. Askari wa kizuizi cha barabarani walimpungia mkono apite, na hapo ndipo kila mtu alipojua kwamba ana kadi. Alisimamisha lori uwanjani akapiga honi. Hakuna mlango uliofunguliwa. Mama yake mzazi, ambaye nyumbani kwake siku hiyo hapakuwa na unga hata wa kukandia mkate mmoja, alipita kando ya lori na mzigo wa kuni akamwambia bila kumtazama, "Kula mwenyewe." Magunia yalikaa pale mpaka yakanyeshewa. Siham alichukua watoto akarudi kwao.

Ijumaa iliyofuata Fadil alifika ng'ambo kama kawaida akaita jina la kaka yake. Kilimani palikuwa na watu tele, lakini hakuna aliyetaka kulitaja jina lile. Aliita tena na tena, mwishowe akauliza kama kaka yake amekufa. Bi. Zahiya alichukua kipaza sauti akajibu, "Hajafa. Amechukua kadi."

Fadil alinyamaza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Kisha akasema, "Mwambieni, mama, mwacha asili ni mtumwa. Airudishe."

Marehemu alikuwa amejificha nyuma ya ukuta akisikiliza. Alitusimulia baadaye kwamba unga kukataliwa kulimuuma, lakini ule ukimya wa Fadil ndio uliomvunja. Jumapili alikwenda akaiweka kadi juu ya meza ya ofisa na kuondoka, akijua kwamba leseni imekwenda nayo. Ijumaa ya wiki hiyo alisimama mbele ya wazee katika nyumba ya ibada akaomba radhi. Wazee walisema kuteleza si kuanguka, lakini ilimpasa kupita mlango kwa mlango. Alipita. Kila nyumba ilimpa kikombe cha kahawa, na ukishapewa kahawa umesamehewa. Siham alimpa cha kwake akiwa amenuna, lakini alimpa.

Nyumba moja tu haikutoa kahawa, nayo ilikuwa ya Sheikh Mufid Hamdan, ambaye ndiye huongoza maziko yetu. Sheikh alisimama mlangoni akamwambia, "Nimekusikia, Hayel. Jibu lako utalipata," kisha akafunga mlango.

Lori liliuzwa, marehemu akarudi shambani. Kila Februari alikwenda kwa Sheikh kuomba jibu lake, na kwa kuwa mtu haendi kuomba mikono mitupu, alibeba mkasi akampogolea kwanza mitufaha yote. Sheikh alikuwa akimjibu kwamba jibu liko njiani, na kwamba ameruka mti ule wa pembeni. Mkewe alimwambia mara nyingi aache kujisumbua, watu walikwisha kusahau. Yeye alisema, "Wamesahau wote, isipokuwa yule atakayesimama kwenye kaburi langu." Hofu hiyo hakuwahi kuitua.

Tusidhani alikuwa mtu wa huzuni. Hati yake ya kusafiria iliandikwa kwamba uraia wake haujulikani, naye aliionyesha kwa wageni kama mtu anavyoonyesha picha ya mjukuu. Muuguzi mmoja mgeni alipomuuliza yeye ni wa nchi gani, alimjibu, "Mimi sijahama hapa, binti yangu. Zinazohama ni nchi."

Januari mwaka huu wa 2009 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini, na kufikia mavuno hakuweza tena kuondoka kitandani. Jumatatu tarehe 9 Novemba, Sheikh Mufid, mwenye umri wa miaka tisini na mbili, aliletwa nyumbani akiwa amebebwa juu ya kiti.

"Sheikh wangu," marehemu akasema, "Februari sitaweza kuja. Nijibu leo."

"Nilikusamehe siku ile ile, kabla hujabisha hodi," Sheikh akasema. "Nilikuona dirishani, umeshika kofia mkononi."

"Mbona hukusema?"

"Wanangu wote wako ng'ambo ya waya. Ningesema, ungekuja kufanya nini tena kwangu?" Sheikh alikuwa analia. "Sasa nisamehe wewe."

Siham alikuwa tayari kumtoa nje yeye na kiti chake. Lakini marehemu aliangua kicheko, akacheka mpaka ikabidi tumshikilie. "Miaka ishirini na saba, ewe mzee," alisema. "Na mti wa pembeni sikuuruka hata mara moja." Kisha akaagiza Sheikh apewe kahawa.

Usiku ule alilala fofofo, jambo ambalo hakuna dawa iliyoliweza. Alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 12 Novemba 2009, nyumbani kwake. Tuna majonzi, ila hatuwafichi: mioyo yetu imetua.

Marehemu ameacha mke, Siham, watoto wawili, Wajdi na Rima, wajukuu watano, na mdogo wake, Fadil, ambaye hakupata kibali cha kuja na sasa anatusikiliza kwa simu kutoka Damascus.

Sheikh Mufid ameketi hapa mbele, na ameomba neno la rehema lisitamkwe na mtu yeyote kabla yake. Kwa hiyo sisi tunaishia hapa. Sheikh wetu, amesubiri vya kutosha. Sema.