Mzani Haujui Kupiga Ngoma

Bwana asifiwe, akina mama. Na akina baba mliojibana kule nyuma karibu na mlango, shikamooni wale wa kuamkiwa. Wengine, za asubuhi.

Nimesimama kwa sababu ya maneno. Nimesikia, wala msigeuze nyuso, kwamba baba watoto nimemlisha limbwata. Eti mwanamume mzima, mtumishi wa serikali, kila Jumapili anatoka nyumbani kwa miguu amebeba ngoma ya mke wake begani, na mke anafuata nyuma mikono mitupu kama bibi harusi. Sawa. Leo limbwata lenyewe nalitoa hadharani, anayelitaka alichukue bure.

Mimi ni Mgogo wa Haneti, na mnaniona nilivyo. Mapaja haya niliyapata shambani, nikayakomaza kwenye muheme. Kwa ndugu zetu mliohamia Dodoma na wizara zenu: muheme ni ngoma ya akina mama. Unaibana katikati ya mapaja ukiwa umesimama, unaipiga kwa mikono yote miwili huku mwili mzima unacheza. Asiye na mapaja itamponyoka iangukie vidole vya jirani. Kule nyumbani ngoma kubwa aliipiga mama yangu, na hapa kwenye kwaya yetu naipiga mimi. Ukininyang'anya ngoma hiyo, sijui utakuwa umebakiza nini.

Basi kazini kwetu ikaja siku ya kupima afya. Wakaleta mzani, kipimo cha urefu na chati ya BMI. Wanachukua uzito wako, wanaulinganisha na urefu wako, unapewa rangi. Baba watoto alikuwa amenifuata twende nyumbani, naye akapanda. Kijani! Mwembamba kama ufito, wakampigia makofi. Nikapanda mimi. Nyekundu.

Muuguzi, Mungu ambariki, alisema vizuri tu: "Mama, hiki ni kipimo cha kwanza. Nenda hospitali wakakupime na vingine." Lakini nani alisikia? Mimi nilisikia nyekundu. Na nyuma yangu kwenye foleni mtu akasema, "Kumbe mama ngoma naye ni ngoma!" Watu wakacheka. Nikacheka nao, ila ndugu zangu, niliumia. Niliumia sana.

Nikaanza kujinyima. Asubuhi chai ya rangi kavu, mchana maji ya ndimu, jioni mlenda bila ugali. Naona Wagogo wenzangu mmeshika vichwa! Ndiyo, bila ugali. Mlenda unateleza, mnajua, ugali ndio unaoushika. Mimi nilikuwa naukimbiza kwenye sahani kwa kijiko, wanangu wanatazama kama wanaangalia mpira.

Baba watoto yeye alikuwa anakaa mbele yangu na chapati zake, chai ya sukari mpaka kijiko kinasimama, na soda ya kushushia. Nikimwangalia ananiambia, "Mama, mimi nimeruhusiwa. Mimi kijani." Na kiu ilikuwa haimwishi. Anakunywa, anakwenda msalani, anarudi anakunywa. Tukasema ni jua la Dodoma. Nani hapa hana kiu Dodoma?

Nguo zikanilegea, nikasifiwa. "Umependeza, mama!" Lakini ngoma haidanganywi. Tulipoanza mazoezi ya sikukuu ya mavuno, mama kiongozi wetu wa kwaya akasimamisha wimbo. "Mama, mbona leo ngoma inanong'ona?" Nikasema mikono imechoka kidogo tu. Tukarudia. Nikaona madirisha ya kanisa yanazunguka, ngoma ikaponyoka, ikabiringika kuelekea madhabahuni, nami nikaifuata.

Wenzangu wakaniinua, wakanipakia kwenye bajaji, na baba watoto akatukuta hospitali anahema, jasho linamtoka, chupa ya soda mkononi.

Daktari alikuwa binti wa kumzaa. "Shikamoo, mama." Akanipima presha: nzuri. Sukari: nzuri. Akanizungusha utepe kiunoni. Akapima damu: hapo ndipo palipokuwa na kasoro, damu imepungua. Akaniuliza, "Mama, unakula nini?"

"Mlenda."

"Mlenda na nini?"

"Na kijiko."

Yule binti alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyashika hadi leo. "Mama, BMI inajua una kilo ngapi. Haijui kilo zenyewe ni za nini. Misuli ya mpiga ngoma na mafuta ya mtu wa kukaa, kwake zote ni kilo. Wala haijui mafuta yamekaa sehemu gani, na yale ya tumboni ndiyo yanayosumbua. Unayo kidogo ya kupunguza, sikufichi, lakini uyapunguze ukiwa unakula."

Nikashusha pumzi. Ndipo akamgeukia baba watoto, aliyekuwa ameshamaliza soda na kuulizia maji. "Na wewe baba, kiu hiyo ni ya siku zote?"

"Mimi mzima, daktari. Mimi ni kijani."

"Kaa hapa, kijani. Nipe kidole."

Ndugu zangu, sukari ilikuwa juu. Kesho yake asubuhi akarudi bila kula kitu, ikapimwa tena, bado juu. Alipofunua shati apimwe kiuno, mikono fito, miguu fito, na kitambi kimejificha katikati kama mtoto anayecheza kombolela. Daktari akatueleza bila kutuficha kwamba sukari hiyo ikiachwa inakula macho, figo na miguu polepole, huku mwenyewe anasifiwa wembamba.

Tukapanda bajaji kurudi. Tulipokaribia nyumbani Area D akasema, "Mama, kama usingeanguka..." Nililia, akina mama, na si kwa huzuni. Nilianguka mimi, akainuliwa yeye.

Akapewa dawa, soda tukaifukuza nyumbani, na ugali ukarudi mezani, wangu na wake, kwa kiasi. Daktari akamwambia pia autumie mwili, aende hata mbio za asubuhi. Mnamjua baba watoto. Akasema, "Daktari, mimi siwezi kukimbia barabarani bila kufukuzwa." Wakavutana pale, mwisho akauliza, "Kutembea nimebeba ngoma ya mke wangu, kunahesabika?" Binti akasema kunahesabika sana.

Hilo ndilo limbwata. Kichocheo chake ni sukari iliyogunduliwa mapema. Na safari iliyopita alipopimwa ilikuwa imeshuka, haleluya!

Nawashukuru ninyi mlioninyanyua sakafuni, hasa mama kiongozi aliyesikia ngoma inanong'ona kabla mimi sijakiri. Namshukuru yule binti, na yule muuguzi niliyemsikia nusu. Wala chati siichukii. Rangi yake ni hodi tu. Mwenye kubisha hodi bado hajaingia ndani akaona kilichomo. Kwa hiyo wewe uliyepewa nyekundu, usijiue na njaa. Nenda ukapimwe presha, sukari, damu na kiuno. Na wewe kijani unayemcheka mwenzio, ondoka hapo ulipokaa uende naye.

Nimemaliza. Mavuno yamefika, na mimi nina deni la wimbo tuliouacha katikati siku ile. Baba watoto, ngozi ya ngoma imeshakaza juani? Haya, lete ngoma. Taratibu, mume wangu. Leo hakuna anayekufukuza.