Panya wa Kanisani Alikuwa Ufizi Wangu

Bwana apewe sifa, na pua zenu zinisamehe! Yule panya aliyekufa, tuliyemtafuta chini ya mabenchi mpaka mikeka ikaanikwa nje, ni mimi. Ilikuwa harufu ya mdomo wangu. Na ufagio nilishika mwenyewe, najifanya namtafuta!

Ndugu zangu, mnanijua, Domi muuza korosho wa Mingoyo, shule niliiacha njiani. Niling'oka jino la mbele, nikaenda Dar kupandikizwa lingine. Daktari akapasua ufizi, akafunga kwenye taya skrubu ya kubebea jino, akashona. Akanionya: nisitafune kigumu, nyama ishike kwanza. Nikaitikia vizuri kabisa! Nimefika nyumbani, mteja kasimama, nikabangua korosho kwa magego kama siku zote. Nyuzi zikaachia. Mafuta ya ganda nayo, mnajua yanavyobabua, yakaingia kidondani.

Ufizi ukarudi juu, skrubu ikachungulia, usaha ukaanza. Kwenye kwaya nikawa naimba nimejifunika leso. Watu wakahama mabenchi. Aibu ilinikaba! Nikawaza, wakijua, nitaimba wapi tena?

Siku moja mama mchungaji akasema tuombe, shetani kaleta uvundo kanisani. Nikapiga magoti, nikasema kimoyomoyo: Bwana, huyo shetani ni mimi, nipe ujasiri wa kupanua mdomo mbele ya daktari. Kesho yake nikapanda basi kurudi Dar!

Nikampata daktari mama mmoja. Akachungulia, akasema, "Baba, skrubu imeshika. Ufizi wako ndio mwembamba, halafu umeuchokoza. Wenye nyama nene wengine tunawatoboa kitundu tu cha skrubu, hatupasui, wanapona upesi. Wewe lazima nikuongezee nyama."

Akasafisha, akakata kinyama kwenye paa la kinywa, akakishona pale mbele. Safari hii nilikunywa uji kama mtoto mchanga, korosho nikaziangalia tu. Ufizi ukafunika chuma! Jino likawekwa! Haleluya!

Ndugu yangu unayeficha mdomo, mwamini Bwana, aibu hiyo ataibeba yeye. Ila hospitali nenda.

Juzi nilimwomba radhi Festo, tunayesimama naye sauti ya nne. Macho yangu chini. Akanipiga bega: "We Domi, wote walihama, mimi uliniona nikihama? Nilijua ni wewe tangu mwanzo. Nilikuwa napumulia mdomo, basi. Ningehama na mimi, ungeimba na nani?"