Vidonge Vilivyobaki Stoo

Basi lilikuwa halijafika hata nusu ya njia, na mtunza stoo ya dawa wa hospitali alishatamani kushuka. Wanawake wawili waliokaa mbele yake walikuwa wakizungumzia ile homa ya virusi ya kutoka damu iliyozuka mjini.

"Kila aliyelazwa alipewa na dawa ya malaria, isije ikawa anayo yote mawili," alisema mama mwenye kikapu. "Ile mpya ikaisha, wakatoa ya zamani. Mwanangu akameza hiyo. Leo anakula hadi ukoko."

Mtunza stoo akainamisha kichwa. Ni yeye aliyesahau kuagiza ile mpya, akafungua boksi la zamani, na tangu siku hiyo kila jeneza lililotoka wodini aliliona ni kosa lake.

"Dada yangu, tusikimbilie kushangilia," alijibu mwenzake, muuguzi mstaafu. "Ni kweli waliomeza ya zamani wamepona wengi zaidi. Lakini malaria na virusi ni mbingu na ardhi. Huenda ni bahati tu. Wataalamu bado wanachunguza."

"Wachunguze. Mimi sanda nilishanunua. Sasa nimeishona pazia."

"Na huyo wa stoo aliyesahau, tumpe zawadi?"

"Huyo akaripiwe kwanza. Halafu aje kwangu ale."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mtunza stoo akampokea mama kikapu, akamshusha.

"Asante, mwanangu. Unafanya kazi hapa?"

"Stoo," akajibu.

Mama akamwachia kikapu mkononi.

"Basi kibebe hadi getini," akasema. "Karipio nitakupa njiani."