Nafasi ya Drusilla

Benchi letu hapa Gesima liko chini ya kituo cha kupimia chai, limeegemea nyumba ya baba mdogo wangu, mzee Onchiri, ambaye alipooza na hatoki kitandani. Huwa tunamsalimia kupitia dirishani. Sisi ni Wasabato, kahawa tumekatazwa, kwa hiyo hapo kwa Mama Jacinta, anayetuuzia, tunaiita dawa. Siku hiyo dawa ilinishinda kumeza. Kanisa lilikuwa limetangaza: kati yetu wote tulioomba kwenda Ufilipino kujitolea mwaka mzima kutunza wazee, amechaguliwa Drusilla. Mimi nilishanunua hata begi! Nilikuwa na wivu, wacha niseme tu.

— Ati Drusilla! — akaanza Haron, tunayemwita Balozi kwa sababu ana pasipoti ambayo haijawahi kugongwa muhuri. — Si huyu huyu wa kuchuma chai na sisi?

— Nimemwona sokoni Daraja Mbili akijipima koti la mtumba, — nikasema. — Koti zito, la manyoya! Na huko ni joto tupu. Hata hajui anakoenda.

— Koti ni la ndege, — akasema Sylvanus, Profesa wetu. — Huko juu kuna barafu. Wanaokaa nyuma hushuka wamekauka kama samaki.

— Basi akae nyuma, — nikasema.

— Mimi najua alivyopita, — Balozi akasema. — Shangazi yake ndiye humpikia pasta wetu wakati wa makambi ya kanisa.

— Yaya! Hapana! — Profesa akainuka kabisa. — Nyinyi hamjui kitu. Wazee wa huko ni matajiri, na watoto hawana. Ukimwogesha mmoja vizuri, anakuandikia kisiwa.

— Kisiwa kizima?

— Na minazi yake. Drusilla atarudi hapa anunue hiki kituo, atupimie chai yetu yeye.

— Hicho kisiwa kilikuwa changu! — nikapiga kelele, na wallahi kiliniuma kama mtu amening'oa jino.

— Kwanza kuogesha mzee ni kazi gani? — Balozi akauliza. — Mimi ningeogesha kumi kabla ya kiamshakinywa.

— Mimi ishirini, — nikasema.

Mlango wa baba mdogo ukafunguka. Akatoka Drusilla na beseni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Tangu mzee apooze, yeye ndiye huja kumwogesha.

— Hamjambo, ndugu zangu. Tumewasikia. Mimi na mzee.

Tukaitikia chinichini.

— Nilikuwa nawatafuta, — akasema. — Kanisa limesema siwezi kwenda kutunza wazee wa watu huku wetu nimemwacha hivi. Lazima nipate mtu wa kushika nafasi yangu. Asubuhi ni kumwogesha, mchana ni kumgeuza asipate vidonda. Pasta anataka jina leo. Ni nani kati yenu?

Balozi akakumbuka ng'ombe wake hajanywa maji. Profesa akachungulia ndani ya kikombe. Drusilla akanitazama mimi, damu ya mzee, na nikaelewa kwamba sikuhitaji tena kumsema vibaya. Nikinyamaza tu, haendi.

Nikamnyooshea Mama Jacinta kikombe. Akainamisha birika, halikutoa hata tone.

Nyuma ya dirisha mzee akakohoa. Naye alikuwa akingoja jibu.