Hodi kwa Bibi: Maisha ya Enoka Kahananui wa Kalihi (1934–2019)

Enoka Kahananui alizaliwa tarehe 14 Machi 1934, Kalihi Kai, Honolulu, akiwa mtoto wa nne wa Samuela na Luka Kahananui. Alipoachishwa ziwa alipelekwa kulelewa na bibi yake mzaa baba, Bibi Kealamai, kama ilivyo desturi yetu. Nyumba ya bibi ilikuwa hatua chache kutoka kwenye maji ya Keehi. Kila maji yalipokupwa, bibi alijifunga kikapu kiunoni, akaingia hadi magotini kuchuma mwani wa kitoweo, na Enoka nyuma yake. Alimfundisha mambo mawili. La kwanza, mwani hukatwa, haung'olewi. La pili, mahali pao hapakuwa na alama ndani ya maji. Mtu alitakiwa ageuke atazame nchi kavu. Pengo la mlima likikaa sawasawa juu ya mnara wa kanisa, umefika, inama.

Vita vilipokuja, Keehi ilichimbwa ili ndege zipate kutua majini, na watu wakazuiwa kuingia. Siku moja ya mwaka 1944 njia ilifunguliwa, na bibi akachukua kikapu chake. Alipiga hatua sita, maji yakamfika shingoni. Enoka, mtoto wa miaka kumi, alimvuta kwa pindo la gauni. Bibi aliketi ufukweni, akakamua nywele zake, akasema, "Wenyewe wa hapa hawanijui tena." Hakurudi. Alifariki Januari 1945, na Enoka aliapa mbele ya jeneza kwamba mguu wake hautakanyaga Keehi.

Alisoma Kalihi mpaka alipomaliza sekondari mwaka 1952. Mwalimu wake wa useremala aliandika kwenye ripoti, "Mkono mwema, mdomo mfupi." Sisi watoto wake tunathibitisha la kwanza.

Alifanya kazi miaka mitatu katika kiwanda cha mananasi, kisha akawa seremala wa meli hadi alipostaafu mwaka 1994. Lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kwenye banda nyuma ya nyumba, alikochonga na kutibu ngalawa za mbao za koa, mti mgumu wa visiwa vyetu. Ngalawa kumi na moja zilitoka mikononi mwake, na mia kadhaa zilipona hapo. Klabu yetu ya Kai Malino ilizichukua mlangoni na kuzipeleka kushindana Keehi, ambako kulikuwa kumeshakuwa bustani ya watu wote, yenye nyasi, mahema na moshi wa nyama. Anko Enoka, kama kila mtu alivyomwita, hakwenda. Umbali wa dakika kumi kwa gari, hakwenda. Kamba za kufungia mrengu, lile gogo la ubavuni linalozuia ngalawa isipinduke, zikilegea siku ya mashindano, alipigiwa simu.

"Anko, mrengu unacheza!"

"Mlianza kufunga upande gani?"

"Kushoto."

"Nani kawafundisha kushoto? Fungua zote."

"Anko, zimebaki dakika kumi!"

"Zilikuwa kumi. Moja umeshaila kwa kunibishia."

Tarehe 19 Julai 1958 alifunga ndoa na Rebeka Lum, mpiga kafi hodari ambaye baadaye alikaa miaka mingi chini ya hema la watunza muda. Mama hakuwahi kumshawishi avunje kiapo. Alichofanya ni kurudi nyumbani kila Jumapili ya mashindano, akiwa na chumvi mashavuni, na kabla hajavua kofia akafungua droo ya vijiko. Kila kijiko kilikuwa ngalawa. Chupa ya sosi ya soya ilikuwa bendera nyekundu ya kugeukia. Baba aliketi mbele yake, mikono magotini, kama mtoto anayesubiri hadithi.

"Sisi ni kipi?"

"Hiki."

"Mbona kidogo?"

"Ndicho kilichokuwa safi, wewe mzee. Utasikiliza au utaosha vyombo?"

Kisha vijiko vilianza kwenda. Mama alivisukuma kwa vidole, akahema wapiga kafi walipohema, akapiga meza ngalawa zilipogongana. Penye chupa alipunguza mwendo, kwa sababu kwenye kugeuka ndiko watu hushinda au hushindwa. Hivyo ndivyo baba alivyozijua ngalawa zake kwa zaidi ya miaka arobaini: juu ya kitambaa cha meza.

Mama alifariki tarehe 9 Februari 2011. Majivu yake yalibaki rafuni, karibu na redio. Baba alikataa yaende popote bila yeye. Jumapili ya kwanza ya Juni mwaka huo alipanga vijiko tangu asubuhi. Binti yake mkubwa, Iwalani, ndiye anayewasomea maneno haya, na ndiye aliyerudi kutoka Keehi jioni ile.

"Ehe?" baba akauliza.

"Wa tatu."

"Wa tatu vipi?"

"Wa tatu tu, baba. Walikuwapo wawili mbele yetu."

Baba alivirudisha vijiko kwenye droo kimoja kimoja. Akasema, "Mama yako angekuua kwa kuleta habari kavu kama hiyo."

Jumapili iliyofuata, tarehe 12 Juni 2011, alivaa shati lake la kanisani na kuingia garini bila kuombwa. Kijiko kidogo kilikuwa mfukoni. Alipofika ukingoni mwa nyasi alivua kandambili, akasimama, akapiga hodi kwa lugha ya bibi yake, kwa sauti ya wimbo, kama tunavyofanya tunapoingia mahali penye wenyewe. Hakuna aliyethubutu kumjibu, maana hodi ile hakutupigia sisi. Alisimama hapo muda mrefu, tukadhani atarudi garini. Kisha mguu wa kulia ukashuka kwenye nyasi.

Mzee Clarence Apo, rafiki yake tangu shule, ndiye aliyeokoa hali. "Enoka! Ulipotea njia?"

"Miaka sitini na saba. Foleni, bwana."

Watu walicheka na kulia pamoja. Baba hakukaa kwenye kiti alichowekewa. Alitembea pwani ameyapa maji mgongo, akitazama mlima, hatua moja kushoto, nyingine nyuma. Pengo lilipokaa juu ya mnara alisimama, akageuka polepole, akanyoosha mkono mbele yake kuelekea majini. Mbele ya kidole chake palikuwa na bendera nyekundu ya njia ya tatu, na ngalawa aliyoichonga yeye ilikuwa inaizunguka.

"Kumbe," alisema, "ngalawa zangu zimekuwa zikimwamkia bibi kila Jumapili, na mimi nimekaa nyumbani nimenuna."

Tangu siku hiyo hakukosa. Kwa miaka minane alifunga kamba kwa mikono yake, akawafokea walioanza kushoto, na hakuna ngalawa iliyoshuka majini kabla wapiga kafi hawajainama na kulowesha mikono.

Moyo wake ulianza kuchoka mwishoni mwa mwaka 2018. Alitibiwa hospitalini mara tatu, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Mjukuu wake Nohea, ambaye ndiye mshika usukani wetu, alikaa naye siku zile. Baba alimwambia, "Mtanipeleka kwenye bendera. Mimi na bibi yako. Na usigeuze kwa mbwembwe zako. Simama, utoe heshima." Alifariki Jumanne, tarehe 17 Septemba 2019, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka themanini na mitano.

Ameacha watoto watatu, Iwalani, Samuela na Pualani, wajukuu saba, vitukuu wawili, dada yake Esetera, rafiki yake Clarence, na ngalawa kumi na moja, tisa zikiwa bado majini.

Tukimaliza kusoma, Nohea ataondoa ngalawa hapa ufukweni. Wapiga kafi ni watano badala ya sita. Nafasi ya katikati ni ya majivu ya baba na mama. Penye bendera nyekundu ya njia ya tatu, kwa mara ya kwanza, ngalawa yake haitageuka. Itasimama.

Baba, hodi ulishapiga. Ingia sasa, upumzike kwa amani.