Uwanja Niliosema Ni wa Watu

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mlangoni tena. Zena, niegemeze kwenye mto. Salumu, wewe kaa hapa nikuone, na nakuomba usinyanyuke mpaka nimalize, hata nikikuudhi, kwa maana Jumatatu baraza linakaa kuamua kama serikali iuze uwanja wa maonyesho au isiuze, na mimi hiyo Jumatatu siioni.

Mzee Mwishehe alipokuja kunijulia hali aliniambia ninyi wajumbe wa baraza mmegawanyika sawa kwa sawa, na sauti iliyobaki ni yako. Akaniambia pia kwamba yule tajiri wa Dar es Salaam anayetaka kujenga ghala la korosho pale uwanjani ameshakuahidi kazi ya usimamizi. Usiiname. Sikukuita nikuaibishe mbele ya dada yako. Nimekuita kwa sababu na mimi niliwahi kuahidiwa, nikakubali, na leo ni miaka ishirini.

Sikilizeni. Mwaka wa thelathini na sita nilikuwa jumbe hapa Kibuta. Wewe Salumu ulikuwa bado chuoni unasoma Kurani, na Zena ulikuwa hujaacha kubebwa. Bwana Shauri wa wakati ule, mkuu wa wilaya aliyekaa bomani, alikuja akasema serikali inataka mahali tambarare, karibu na barabara, ili kila mwaka baada ya mavuno watu walete mihogo yao na mpunga wao, kuku wao na mbuzi wao, washindanishwe na wapewe zawadi. Mahali akapachagua mwenyewe. Palikuwa na nyumba sita, na moja ilikuwa ya Matano, mdogo wangu, tumbo moja. Akaniambia, "Jumbe, watoe watu wako, watapewa mashamba mengine upande wa Sofu, na wewe utaendelea na ujumbe wako." Nikaogopa kuvuliwa ujumbe. Huo ndio ukweli, sina mwingine.

Nyumba tano zilifunga mizigo. Matano akakataa. Nikaenda kwake na matarishi wawili wa boma, nikamkuta amekaa kizingitini, na ndani mkewe, Biubwa, alikuwa na mtoto mchanga, hata arobaini hajatimiza. Hakunitukana. Aliniamkia kama siku zote, "Shikamoo kaka," nami nikaitikia marahaba huku matarishi wamesimama nyuma yangu. Kisha akasema, "Kaka, ukiniambia serikali inautaka uwanja huu, nivunjieni nyumba nikiwa ndani. Ukiniambia watu wanautaka, nitaondoka leo. Sema ni nani anayeutaka." Nikamjibu, "Watu, Matano. Utakuwa wa watu wote, hautauzwa wala hautapewa mtu mmoja." Sikuwa nimeambiwa maneno hayo na yeyote. Niliyatunga pale pale, nikiwa nimesimama juani, ili aondoke na mimi nirudi nyumbani.

Naye akaondoka. Biubwa alibebwa kitandani na wanaume wanne mwendo wa siku nzima mpaka Sofu, Matano akatangulia na mtoto kifuani. Mimi nilibaki kuhesabu minazi ya kukatwa, na ile ya baba yetu ikiwamo. Zena, futa uso wangu. Si machozi, ni homa. Haya, hata ikiwa ni machozi, futa.

Mwaka wa tatu wa maonyesho Matano alikuja. Sikumwalika. Alizunguka uwanja wote, akatazama watu wa misheni wakicheza mpira, akatazama wanawake wa Kibuta wakiuza mikeka bila kumwomba mtu ruhusa, akanunua mhogo wa kuchoma, akala akiwa amesimama. Akanijia akaniambia, "Kumbe kweli, kaka, ni wa watu." Akarudi Sofu. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake, maana wakati wa vita alikufa, na mimi sikwenda kumzika, nikasingizia mguu.

Sasa Salumu, usidhani sikusikia hoja zako. Juzi ulisimama hapo ukasema, "Baba, uwanja unatumika siku tatu kwa mwaka, siku nyingine ni mbuzi na majani, na serikali imesema ukiuzwa itajenga zahanati. Uwanja hautibu homa ya mtoto." Sisemi umesema uongo. Mimi mwenyewe nimelala hapa bila daktari. Lakini wewe umezaliwa wapi usijue kwamba sala ya Idi tunaisali pale, kwamba siku za Jumamosi kina mama wanauzia pale, na kwamba tangu mwaka jana watu wanakutana pale kuzungumza mambo ya nchi yao? Ghala likishajengwa watakwenda kukutana wapi, chumbani kwa tajiri? Zahanati iombeni, piganieni, serikali inakusanya kodi yetu kila mwaka. Na kama imeuchoka uwanja, iwarudishie waliotolewa. Haikuununua kwa mtu. Iliupata kwa neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo mpaka watu walipolifanya kuwa kweli. Ukiuzwa Jumatatu, litarudi kuwa uongo, na Matano nitamkuta huko niendako nimwambie nini?

Nilijaribu, wanangu. Wiki iliyopita, mlipodhani nimekwenda kwa mganga, nilipanda lori mpaka boma. Bwana Shauri wa sasa ni kijana, ana adabu, alinipa kiti na maji. Nikamweleza yote. Akamwita karani, wakafungua mafaili, wakatandika ramani mezani. Akaniuliza, "Mzee, karatasi ya ahadi hiyo iko wapi?" Nikasema haipo, ahadi niliitoa mimi kwa mdomo. Akasema, "Pole sana, mzee. Kwenye ramani ni mali ya serikali. Baraza ndilo litakalosema." Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za boma mpaka lori la kurudi lilipofika.

Nipe maji kidogo. Basi.

Shamba la mikorosho mligawane kwa sheria, Sheikh Mwinyimadi anajua mafungu. Ile theluthi ambayo dini inaniruhusu kumpa nimtakaye ni ya Biubwa, upande wa mtoni wenye minazi, na asije mtu kumwambia ni sadaka. Na wewe Salumu, nenda Sofu, leo, si kesho. Mwambie Biubwa haya yote kama nilivyoyasema, usinipambe. Mwombe aje Jumatatu asimame mbele ya baraza aseme alivyobebwa kitandani. Akikataa, simama wewe, useme baba yako alimdanganya ndugu yake. Kazi ya ghala utaikosa, najua, na una watoto. Sina cha kukulipa. Nakuomba tu, mwanangu, nakuomba kama mtu anayezama.

Nijibu. Salumu. Mbona unanyanyuka? Salumu!

Zena, ameondoka. Hiyo si kengele ya baiskeli yake? Toka, mama, kimbia ukatazame, akifika barabarani anakata upande gani. Kushoto ni njia ya Dar es Salaam, kwa tajiri wake... Mungu wangu, usinichukue kabla sijajua...

Umesema kulia? Sema tena. Kulia, njia ya Sofu. Umemwona kwa macho yako?

Sijui Jumatatu atasema nini. Mwenyezi Mungu amfikishe salama, amlainishie Biubwa moyo. Awape Salumu na wanawe riziki isiyowatoa watu majumbani mwao. Wewe, mama, akupe... akupe watoto wenye huruma kama mkono wako huu. Nilaze sasa. Nielekeze kibla, taratibu, ubavu huu unauma.

Akirudi usimwambie nilikuwa na hofu. Mwambie nilimsikia akienda.