Bati la Bi Nazmiya

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu, Bi Nazmiya Hamad Sharaydi, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1936 katika kijiji cha Ain Rumman, wilaya ya Safad, Palestina, akafukuzwa huko pamoja na wazazi wake mwezi Mei 1948, akiwa na miaka kumi na miwili, wakafikia hapa kambini, karibu na mji wa Sur, Lebanon.

Alisoma katika shule ya mahema hadi darasa la sita, mwaka 1954, kisha akafundisha wasichana kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyevuka darasa lake bila kukariri ibara ya kumi na moja ya Azimio 194 la Umoja wa Mataifa, kwamba wakimbizi wanaotaka kurudi makwao waruhusiwe.

Tarehe 17 Agosti 1957 aliolewa na marehemu baba yetu, Atallah, wakajaliwa watoto watano, na mwaka 1961 baba aliponunua mifuko mitatu ya saruji ili aondoe bati la paa na kumwaga zege, mama aliimwagia maji yote mitatu ikaganda kuwa mawe, akasema, "Zege ni la wanaobaki, sisi hapa wapita njia," na mawe hayo ndiyo mliyoyakalia leo mlangoni petu.

Mwaka 1999 alikuja mwanasheria mgeni, akamweleza kwa upole kwamba azimio lile ni pendekezo tu, halimbani mtu, na tena sisi tuliozaliwa kambini hatumo, mama akamwongezea kahawa, akamuuliza, "Mwanangu, wewe ukitoka kwenda sokoni, nani hupiga kura ndiyo urudi kwako?" Mgeni alimaliza kahawa, kalamu akairudisha mfukoni.

Bati lilivuja kila msimu wa mvua, tulimsihi, akagoma, na Januari hii alishikwa na nimonia, akalazwa siku tisa, akafariki Jumanne tarehe 14 Januari 2020. Maji yaliyomwingia kifuani tunajua yalipitia wapi, na inatuuma sana, lakini hatutamwombea radhi kwa mtu yeyote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mliokinga ndoo pamoja nasi. Nawe fundi uliyekuja asubuhi kupima kaburi, asante kwa moyo wako, ila rudisha saruji yako ulikoitoa, maana kaburi hili litabaki udongo mtupu.

Pumzika kwa amani, mama, hapa unapita tu.